Karatasi ya Kupeleka Juu

Kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa kuitika simu. Kampuni iliuza mikanda ya mitambo, ile ya mpira mweusi inayovikwa kwenye puli, magurudumu yenye mfereji, na kuzungushwa na mota ili kuendesha vinu, feni na mashine za kila aina, na wateja wake walikuwa viwanda, si wapita njia. Kiwanda kilipokwama kilipiga simu, na kila simu ilipolia yeye ndiye aliyesema "Halo!" kwa sauti nene, nyororo, ya kuvuta mwishoni. Ofisi nzima, kuanzia dereva hadi mkurugenzi, ikawa inamwita Dada Halo, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye vyeti tu.

Meza yake ilikuwa mlangoni kabisa, pale ambapo kila anayeingia huacha vumbi. Hakulalamika. Masikio yake yalikuwa yamezoea kazi kiasi kwamba kabla mteja hajajitambulisha, ngurumo iliyokuwa nyuma yake ilikuwa imeshamtambulisha: kishindo cha vinu vya unga, mluzi wa mashine za kusokota nyuzi, chupa zinazogongana. Tena alikuwa na tabia moja ambayo hakuna aliyemwagiza. Kila swali la mteja aliliandika kwenye daftari, kwa maneno yaleyale ya mteja, hata kama lilikuja na tusi. Hasa likija na tusi.

Mwaka ule mambo yakaanza kwenda mrama. Mikanda ya bei rahisi ilifurika madukani, wateja wa zamani wakapungua mmoja mmoja bila hata kuaga, na afisa wa masoko akapata kazi kwingine akaondoka akipiga mluzi. Mkurugenzi akaita kikao. Dada Halo naye aliingia, kwa kuwa ndiye aliyeandika kumbukumbu.

Mezani kulikuwa na kipeperushi kipya, karatasi nzito inayong'aa hadi unajiona uso. Jalada lilikuwa picha ya jengo la ofisi. Ndani alikuwamo mkurugenzi mwenyewe, kafunga tai, kakunja mikono, anatazama mbali kama mtu anayesubiri basi. Ukurasa wa kwanza ulieleza kampuni ilianzishwa lini na nani. Wa pili ulijaa ubora usio na kifani, suluhisho kamili na huduma ya kiwango cha juu.

"Hiki ni cha nne tangu nianze kuvichapa," mkurugenzi alisema. "Sasa niambieni ukweli, msinivike kilemba cha ukoka. Kuna mteja hata mmoja aliyewahi kupiga simu akasema amekisoma?"

Meneja mauzo akakohoa. Yeye walimwita Bwana Mkono, maana hakuna aliyewahi kumwona akiongea na mteja bila kuushikilia mkono wa mtu yule mpaka mazungumzo yaishe.

"Mmoja," Dada Halo akasema bila kuinua kichwa kutoka kwenye daftari lake.

"Alisema nini?"

"Aliuliza jengo lile liko mtaa gani. Alikuwa anatafuta ofisi ya kupanga."

Kicheko kililipuka mpaka mlinzi akachungulia. Mkurugenzi naye alicheka, halafu kicheko kikamfia mdomoni. Akamtazama Dada Halo kwa muda.

"Kwa hiyo wewe unajua wanachouliza?"

"Najua, bosi. Nimeandika. Madaftari kumi na manne."

"Haya. Afisa wa masoko sina. Nakupa miezi sita. Fanya unavyojua."

"Mpokea simu?" Bwana Mkono akauliza, na safari hii hakushika mkono wa mtu.

Dada Halo akafunga daftari. Akasema, "Nitafanya."

*

Kitu cha kwanza alichofanya ni kuyabeba madaftari yote nyumbani kwenye kikapu cha sokoni na kuyatandaza sebuleni Jumamosi asubuhi. Mumewe, mwalimu wa hesabu, alimsaidia kuyapanga maswali kwa mafungu. Walipofika daftari la tano mumewe akaacha kupanga, akaanza kucheka.

"Mke wangu, hawa watu wanauliza maswali sita tu. Miaka tisa!"

Ilikuwa kweli. Kwa nini mkanda unakatika upande mmoja. Kwa nini unapiga kelele asubuhi mota ikiwashwa. Nitapimaje ule wa zamani ili niagize mpya. Nibadilishe mmoja au yote. Mafuta yakimwagika juu yake nifanyeje. La sita lilikuja kwa sura nyingi, lakini kiini chake kilikuwa kimoja: kwa nini wenu ni ghali kuliko wa yule. Hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuuliza kampuni ilianzishwa lini.

Jumatatu alivaa viatu vya kutembelea akaenda kwenye kiwanda cha unga kilichokuwa kimebaki kununua kwao, ingawa kwa kusuasua. Fundi mkuu wa pale alikuwa mtu mrefu mwenye unga kwenye nyusi, na masikioni aliziba pamba mchana kutwa kwa sababu ya kelele, hivyo jina lake likawa Fundi Pamba. Alitoa pamba ya sikio moja tu, ishara kwamba mgeni amepewa nusu ya muda.

"Wewe ndiye Halo? Nilidhani u mnene."

"Sauti ndiyo nene, fundi. Nimekuja kuuliza, sikuja kuuza."

Fundi Pamba akatoa pamba ya sikio la pili.

Alimzungusha kiwanda kizima. Alimwonyesha kona ilikotupwa mikanda iliyokufa, rundo lililofika kiunoni, akaokota mmoja mmoja na kumweleza kila mmoja ulikufaje, mithili ya daktari anayesoma vyeti vya marehemu. Huu ulilazimishwa kwa bisibisi, nyuzi zake za ndani zikakatika. Huu ulinyweshwa mafuta ukavimba. Hii mitatu ilikatika mwezi mmoja, yote ya bei rahisi.

"Na yenu ndiyo ile," alisema, akionyesha kinu namba tatu kilichokuwa kinanguruma bila wasiwasi. "Mizuri. Lakini mimi sinunui."

"Nani ananunua?"

Fundi Pamba akanyoosha spana kuelekea dirisha la vioo ghorofani. Nyuma yake alionekana mwanamke mwenye miwani, ameinamia kompyuta.

"Yule mama wa manunuzi. Hana ubaya. Lakini hajawahi kushuka hapa, na mimi nikipanda kule ulimi unakuwa mzito. Nikimwambia mkanda mbaya, ananiuliza mbaya vipi. Nikimwambia unakatika, ananiuliza mara ngapi. Mimi sina karatasi, yeye ana karatasi. Anayeshinda ni mwenye karatasi."

Dada Halo alisimama pale katikati ya kelele, na kitu kikamkaa sawa kichwani. Miaka yote kampuni yake iliongea na mtu mmoja ambaye hayupo, mtu wa kubuni anayependa picha za majengo. Kumbe kila kiwanda kina watu wawili. Yupo anayeumia mtambo ukisimama, na yupo anayetia saini. Hawa wawili hawana lugha moja, na hakuna aliyewahi kumwandikia mmoja wao neno la maana.

"Fundi," alisema, "nikikuandikia karatasi ya kupeleka juu, utaipeleka?"

"Ikiwa na ukweli, nitaipeleka kwa mbio."

"Basi nisaidie jambo moja. Kila mkanda ukibadilishwa, andika kwa chaki ubavuni mwa mtambo: tarehe, na saa ambazo kinu kilisimama. Namba mbili yenye mikanda ya bei rahisi, na namba tatu yenye yetu. Miezi minne."

"Chaki ninayo," Fundi Pamba akasema, akarudisha pamba masikioni.

*

Miezi minne ni mirefu kwa mtu aliyepewa sita. Wakati chaki ikifanya kazi yake, Dada Halo alianza na yale maswali matano ya mafundi. Kila swali lingepata ukurasa mmoja, maneno machache, mchoro, na namba yake ya simu chini. Si kipeperushi. Karatasi ya kubandika ukutani karakanani.

Msomaji wake wa kwanza alikuwa baba mkwe wake. Mzee yule alikuwa fundi mitambo kwa miaka thelathini na minane kabla macho hayajamtupa mkono, na sasa alikaa kwenye kiti chake barazani akisikiliza redio na kuisahihisha. Dada Halo alimsomea karatasi ya kwanza baada ya chai ya jioni, kwa sauti ile ya simu.

"'Kampuni yetu inajivunia kuwaletea wateja wake wapendwa...'"

"Ngoja hapo," mzee akasema. "Inajivunia nini?"

"Ni mwanzo tu, baba. Wa heshima."

"Mwanangu, mimi mkanda wangu umekatika. Mtambo umesimama. Meneja amesimama nyuma yangu ananihemea shingoni. Wewe unajivunia! Ningekuwa na kalamu ningekuchania karatasi."

"Kalamu haichani karatasi, baba."

"Yangu ingechana."

Dada Halo akafuta mstari. Akasoma tena. Mzee akasimamisha tena, na tena. Hapo umesema "mpangilio usio sahihi", fundi gani anasema hivyo? Sema puli hazikukaa kwenye mstari mmoja. Hapo umesema "hakikisha". Ahakikishe na nini? Mpe rula, mpe kamba, mwambie aweke jicho wapi. Karatasi ilianza na maneno mia nne ikaishia na mia moja na ishirini, na Dada Halo alipomaliza kuisoma mara ya saba mikono ya mzee ilikuwa ikizunguka hewani kama inayokaza nati.

"Sasa hivyo ningeweza kufanya," alisema. "Hata na macho haya."

Ofisini mapokezi yalikuwa ya aina nyingine. Bwana Mkono aliisoma karatasi ya kwanza akiwa amesimama, akaiweka mezani taratibu kama kitu kinachoweza kumng'ata.

"Dada Halo, hapa unawafundisha mikanda idumu."

"Ndiyo."

"Ikidumu watanunua nini?"

"Watanunua yetu badala ya ile. Sasa hivi mkanda wetu ukifungwa vibaya unakatika kama wa bei rahisi, halafu fundi anasema yote ni sawa. Hapo ndipo tunapowapoteza."

"Mimi nimeuza miaka ishirini. Watu hununua kutoka kwa mtu, si kutoka kwa karatasi."

"Wewe una mikono miwili, kaka, na viwanda ni vingi. Karatasi itakaa ukutani siku ambazo wewe hupo."

Bwana Mkono alikwenda kwa mkurugenzi, na mkurugenzi akamwita Dada Halo, na Dada Halo akarudia maneno yaleyale bila kuongeza chumvi. Mkurugenzi alikuna kidevu. "Miezi sita nilikupa," alisema. "Imebaki minne na nusu."

Dada Halo akatuma karatasi zake za kwanza kwa barua pepe kwa wateja wote. Akaziweka kwenye tovuti ya kampuni, mahali palipokuwa na ujumbe wa salamu kutoka kwa mkurugenzi. Akasubiri. Wiki moja, mbili, tatu. Simu zilizoingia zilikuwa zilezile. Binti mpya aliyekaa mezani mlangoni alikuwa na maagizo ya kumuuliza kila mpigaji, "Umetufahamu kwa njia gani?" na kila jioni alitikisa kichwa kwa huruma.

Mtu mwingine angeshika tama. Dada Halo alijikaza kisabuni. Alijiuliza barua pepe zile zinafika kwa nani, akagundua anwani zote zilizokuwa kwenye orodha ya kampuni zilikuwa za ofisini ghorofani. Karakanani hakukuwa na kompyuta. Kulikuwa na ukuta, misumari na simu ya fundi yenye kioo kilichopasuka. Akachapa karatasi zile, akazitia plastiki ngumu ili mafuta yasizile, akaanza kuzunguka kwa miguu, kiwanda kwa kiwanda, akiomba kitu kimoja tu getini: dakika tano na fundi mkuu. Wengine walimfukuza. Mmoja alimdhania mkaguzi wa afya akamwonyesha vyoo. Lakini kufikia mwisho wa mwezi wa tatu karatasi zake zilikuwa kwenye kuta arobaini na tatu, na alikuwa na namba za simu arobaini na tatu ambazo Bwana Mkono, pamoja na miaka yake ishirini, hakuwahi kuwa nazo.

Hapo simu zikaanza. Mbili kwa wiki, halafu tano. "Nimesoma hapa ukutani mmesema..." Binti wa mlangoni alikuwa akikimbia koridoni kuja kumwambia.

*

Kilichomponza ni haraka.

Karatasi ya tatu ilihusu namna ya kupima mkanda wa zamani ili uagize mpya. Wiki hiyo baba mkwe alikuwa amelazwa na homa ya mapafu, na mafundi walikuwa wanaiulizia. Dada Halo aliokoteza maelezo kutoka kwenye kitabu cha zamani cha kampuni, akaandika, akachapa, akasambaza. Hakumsomea mtu.

Siku kumi na mbili baadaye simu ililia, na kwa kuwa binti alikuwa amekwenda kula, aliipokea mwenyewe.

"Halo!"

"Halo yako leo siitaki!" Alikuwa fundi wa kiwanda cha sabuni. "Mikanda sita nimepima kama karatasi yenu ilivyosema. Imefika, inacheza kwenye puli kama bangili kwenye mkono wa mtoto! Nimesimama tangu jana asubuhi. Umenivua nguo mbele ya bosi wangu, dada."

Simu ikakatwa. Dada Halo aliishusha karatasi ya tatu ukutani akaisoma kwa kidole. *Zungusha kamba upande wa nje wa mkanda.* Akaenda stoo, akachukua mkanda, akaupima nje, akaupima ndani, akalinganisha na namba iliyochapwa mgongoni. Namba ilikuwa ya urefu wa ndani. Kila aliyeifuata karatasi angeagiza mkanda mrefu kuliko unaotakiwa.

Alikaa juu ya boksi mle stoo. Hakulia, ingawa machozi yalikuja mpaka mlangoni. Kisha akainuka akaenda moja kwa moja kwa mkurugenzi, ambako Bwana Mkono alikuwa ameshafika.

"Wapelekee mikanda mingine leo," mkurugenzi alisema. "Tuwaombe radhi kimyakimya, yaishe."

"Haitaisha, bosi. Karatasi iko kwenye kuta arobaini na tatu. Wapo wanaopima vibaya wakati huu tunaongea."

"Basi zitolewe."

"Nikizitoa bila kusema kitu, watajiuliza na zile nyingine ni za kweli au la."

Aliweka mezani karatasi aliyoiandika kwa mkono. Juu kabisa iliandikwa, kwa herufi za ukubwa wa kidole gumba: TULIKOSEA. Chini yake, mistari minne: tulisema nini, ukweli ni upi, pima hivi, na kama umeshaagiza kwa kipimo kile tupigie, tutakubadilishia.

Mkurugenzi alichukua kalamu, akakata lile neno, akaandika juu yake *Marekebisho madogo*.

Dada Halo akaivuta karatasi, akaandika tena TULIKOSEA.

Bwana Mkono alitazama mlango kana kwamba anapima urefu wake.

"Bosi, naomba radhi," Dada Halo alisema. "Fundi hasomi marekebisho madogo. Ana mikono michafu na hana muda. Hili neno atalisoma akiwa upande wa pili wa karakana. Kosa ni langu mimi, si la kampuni, na namba iliyo chini ya karatasi ni yangu. Ukiona nimekuponza, nirudishe mlangoni nikaitike simu."

Mkurugenzi aliitazama karatasi, akamtazama yeye. "Nenda," alisema mwishowe. "Nenda kabla sijabadili mawazo."

Alizibandika zote mwenyewe kwa siku nne. Alianzia kiwanda cha sabuni. Fundi alikataa kuonana naye, Dada Halo akasubiri getini tangu asubuhi hadi jua la saa saba. Fundi alipotoka kwenda kula aliichukua karatasi, akaisoma amesimama, akaikunja mara nne.

"Umekuja mwenyewe," alisema.

"Nimekuja mwenyewe, kaka."

"Umechelewa." Akaondoka. Kiwanda kile hakikununua tena kwao, na Dada Halo hakuwahi kumlaumu mtu yule hata siku moja.

Kwingine mambo yalikwenda tofauti. Fundi mmoja wa kiwanda cha plastiki alimshika bega. "Nilikuwa naagiza leo mchana," alisema. "Ningelikoroga!" Mwingine alimwambia kwamba katika maisha yake ya kazi amesoma karatasi za wauzaji hamsini, na hii ndiyo ya kwanza anayoona muuzaji amekiri kosa. Wiki iliyofuata simu hazikuwa tano, zilikuwa kumi na tisa. Wengi wa wapigaji hawakuuliza bei. Waliuliza mambo yao, mmoja baada ya mwingine, kama watu waliogundua kwamba upande wa pili kuna anayesikiliza.

Na tangu siku hiyo hakuna karatasi iliyotoka bila kusomwa kwa sauti mbele ya mtu aliyewahi kushika spana. Mzee aliporudi kutoka hospitali, amekonda na kukohoa, alisikiliza habari nzima, akasema tu, "Siku nyingine nisomee hata wodini."

*

Miezi minne ya chaki ikatimia. Dada Halo alikwenda kwenye kiwanda cha unga na daftari, akanakili kila alama iliyokuwa ubavuni mwa vile vinu viwili. Kinu namba mbili kilikuwa na chaki nyingi hadi kikaonekana kama ubao wa darasani. Namba tatu ilikuwa na mistari miwili.

Karatasi ya kupeleka juu aliiandika upya mara tisa. Haikuanza na mikanda kabisa. Ilianza hivi: *Katika miezi minne, kinu namba mbili kilisimama saa thelathini na moja. Kinu namba tatu kilisimama saa nne. Fundi ni yuleyule, unga ni uleule, kazi ni ileile.* Kisha sababu, kwa lugha ya mtu ambaye hajawahi kushika mkanda. Kisha maswali matatu ya kumuuliza muuzaji yeyote, "tukiwamo sisi". Na mwisho mstari ambao Bwana Mkono alipousoma alikaa chini: *Feni ndogo za kupoza hazihitaji mkanda wetu. Wa bei rahisi unazitosha.*

"Umewaambia wasinunue!" alisema. "Kwa mwandiko wetu!"

"Ni kweli au uongo?"

"Kweli," Bwana Mkono alisema. "Lakini..."

"Basi ibaki, kaka. Yule mama ghorofani kazi yake ni kutafuta mahali tulipodanganya. Akikuta tumemwambia hata lisilotufaa, atachoka kutafuta."

Fundi Pamba aliifuta mikono yake kwenye ovaroli kabla ya kuishika karatasi. Alisoma polepole, midomo ikitembea. Kisha akatoa pamba zote mbili, akazitia mfukoni, akapanda ngazi. Dada Halo alibaki chini akiangalia dirisha. Alimwona mwanamke mwenye miwani akipokea karatasi, akiiweka kando, akirudi kwenye kompyuta. Kisha mkono ule ukairudia karatasi. Akasoma. Akageuza nyuma kuona kama kuna kitu kingine, hakukuwa na kitu. Akavua miwani, akasema neno, na Fundi Pamba akaanza kueleza kwa mikono miwili, ulimi wake si mzito tena.

Baada ya robo saa wote wawili waliteremka. Mama wa manunuzi alikanyaga vumbi la unga kwa uangalifu na viatu vyake vyeusi, akaenda mpaka kinu namba mbili, akazihesabu alama za chaki moja moja. Alihesabu zote.

"Wewe ndiye uliyeandika?" alimuuliza Dada Halo kwa sauti ya kushindana na kelele.

"Mimi, mama. Hesabu ni za fundi."

"Huo mstari wa feni, nani alikwambia uuweke?"

"Hakuna. Ndivyo ilivyo."

Mama yule alitikisa kichwa, si kwa kukataa. "Kila mwezi naletewa vipeperushi hivi," alisema, akionyesha urefu wa kiganja. "Vyote vinaniambia wao ni wazuri. Njoo Alhamisi. Njoo na fundi huyu, aketi mezani na sisi."

Alhamisi walikubaliana mwaka mzima wa mikanda ya vinu vyote, feni zikiachwa. Habari ilipofika ofisini mkurugenzi alitoka chumbani kwake kuja kumpa mkono mbele ya watu. Bwana Mkono alingoja watawanyike, akasogea kwenye meza ya Dada Halo.

"Zile karatasi za mafundi," alisema, akitazama dari. "Nitilie kumi kwenye mkoba. Kuna mtu ananiulizia."

"Nani huyo, kaka?"

"Mtu tu."

Alimpa ishirini. Wiki mbili baadaye Bwana Mkono alianza kumletea vijikaratasi vyenye maswali aliyoyasikia kwa wateja, mwandiko wake mbaya kama nyayo za kuku, na Dada Halo aliyathamini kwa sababu yalikuwa maswali ya watu waliokuwa wamezoea kumwamini Bwana Mkono tu.

Miezi sita ilipita bila mtu kuitaja. Mwaka wa pili viwanda saba vilikuwa na karatasi zao za kupeleka juu, kila moja na saa zake, hakuna iliyofanana na nyingine. Si zote zilizofanikiwa. Kiwanda cha nyuzi kiliisoma kikaendelea na mikanda ya bei rahisi, na kiwanda cha vinywaji kilimzungusha miezi mitano ndipo kikakubali. Alirudi kote kuwili. Kule kwenye nyuzi anarudi mpaka leo.

Mwishoni mwa mwaka huo mkurugenzi alimwita akamuuliza anahitaji nini kwa mwaka unaokuja. Alidhani ataomba chumba chake mwenyewe, au kompyuta mpya.

"Viatu vya chuma mbele," Dada Halo akasema. "Na siku mbili kila wiki za kushinda viwandani. Ofisini sisikii kitu."

Mkurugenzi alimpa viatu, na siku moja. Yeye alisema asante, akavivaa viatu palepale, akaanza kuchukua siku mbili.